Nomino Bila Njia: Historia ya Lugha ya Ukokotoaji wa Kemia katika Kiswahili, kwa Kutazamia Machochwe, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya lugha inayotumika nchini Tanzania kufumbua maswali ya awali ya ukokotoaji katika kemia, hatua kwa hatua, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi mwaka 1967. Hoja yake ni kwamba Kiswahili cha ukokotoaji kilikua katika nusu mbili ambazo hazijakutana. Nomino ziliundwa na taasisi na kuhifadhiwa katika kamusi, ilhali vitenzi na viunganishi vya hatua vilikuzwa na walimu kwa kinywa, bila kuandikwa. Machochwe, katika Wilaya ya Serengeti, inatumiwa kama mahali pa kutazamia kwa kuwa huko mwanafunzi huvuka mipaka miwili ya lugha kabla ya kufika kwenye swali lake la kwanza la moli.

1.0 Fumbo na njia

Katika shule za msingi za Tanzania, swali la hesabu linalosimuliwa kwa maneno huitwa fumbo. Juma ana machungwa kadhaa, anauza baadhi, anagawa yaliyobaki. Mwanafunzi anatakiwa aondoe maneno, abaki na tarakimu, kisha arudi na jibu. Mwalimu hatosheki na jibu hilo likiwa peke yake. Huagiza: "Onesha njia." Mhakiki wa fasihi hatashindwa kuona kwamba shule imeyachukua maneno haya mawili kutoka katika ghala kongwe. Fumbo katika ushairi na katika mazungumzo ya wazee ni usemi unaoficha ili ufumbuliwe, na anayefumbua hupimwa kwa namna alivyofika kwenye maana sawasawa na anavyopimwa kwa maana yenyewe. Mtoto wa darasa la nne anayeandika mstari chini ya mstari, kila mmoja ukizaa mwenzake, anafanya kazi ambayo utamaduni wa Kiswahili ulikuwa na jina lake kabla ya shule kuja.

Katika Machochwe kazi hiyo ina uzito wa ziada. Machochwe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, upande wa kaskazini-magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika ukanda ambao Kikuria ndicho lugha ya nyumbani ya watoto wengi. Kikuria, ambacho wanaisimu hukiweka katika kundi la JE43, kinafahamika katika fonolojia kwa jambo linalochekesha kidogo katika makala yanayohusu hesabu: toni ya juu ya kitenzi chake hupangwa kwa kuhesabu mora za shina, ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kutegemea njeo. Mzungumzaji wake huhesabu katika kila sentensi bila kujua kwamba anahesabu. Mtoto huyo akiingia shuleni hukutana na Kiswahili, hujifunza mafumbo kwa Kiswahili na kufanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza. Kidato cha tatu, kwa mujibu wa muhtasari wa kemia uliotumika kwa miaka mingi, humletea dhana ya moli na ukokotoaji unaoambatana nayo. Kwa hiyo anapoambiwa kwa mara ya kwanza atafute tungamo la zao la mmenyuko, yuko katika lugha yake ya tatu, na lile agizo la kuonesha njia bado linamngoja.

2.0 Korja, pishi na moli

Kuna dhana iliyoenea kwamba ugumu wa moli kwa Mswahili unatokana na ugeni wa wazo lenyewe. Historia haiiungi mkono dhana hiyo. Moli ni jina la idadi: fungu la chembe zilizohesabiwa, kama dazeni ilivyo fungu la vitu 12. Biashara ya pwani ilikuwa na korja, fungu la vitu 20, lililotumika hasa kwa vitambaa. Aliyenunua korja mbili za kaniki alijua kwamba idadi ni moja na uzito ni mwingine, na kwamba korja ya nguo nzito na korja ya nguo nyepesi hulingana kwa hesabu bila kulingana kwenye mizani. Hilo ndilo wazo ambalo mwanafunzi wa kemia hutakiwa kulishika: moli moja ya kaboni na moli moja ya oksijeni zina idadi sawa ya atomu, lakini ya kwanza ina gramu 12 na ya pili 16. Vilevile, kubadili kipimo kimoja kuwa kingine kulikuwa kazi ya kila siku. Pishi moja ni vibaba vinne. Frasila moja ni takribani ratili 35. Karani wa dukani aliyegeuza vibaba kuwa pishi, kisha pishi kuwa bei, alikuwa akipita njia yenye hatua mbili, na alikuwa na lugha ya kuisimulia.

Ulaya nayo haikuwa na neno hili tangu zamani. Jeremias Richter, Mjerumani, alilipa jina somo la uwiano wa vitu katika mimenyuko mwaka 1792. Amedeo Avogadro alitoa pendekezo lake kuhusu molekuli za gesi mwaka 1811, na likakaa karibu nusu karne bila kukubalika kwa wengi, mpaka Stanislao Cannizzaro alipolitetea katika mkutano wa wanakemia uliofanyika Karlsruhe mwaka 1860. Jina "moli" lilitokana na Wilhelm Ostwald katika miaka ya 1890. Liliingizwa rasmi katika vipimo vya msingi vya kimataifa mwaka 1971, na tarehe 20 Mei 2019 fasili yake ikabadilishwa ili iwe idadi kamili, 6.02214076 × 10²³, isiyotegemea tena kupimwa kwa kaboni. Tarehe ya 1971 inastahili kuangaliwa na mwanahistoria wa Kiswahili. Moli ilipopewa cheo cha kimataifa, Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa na umri wa miaka minne na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka mmoja. Lugha hizo za kisayansi zinazotajwa kana kwamba zilikamilika zamani, na Kiswahili kinachotajwa kana kwamba kimechelewa, zilikuwa zikiyapanga maneno yao katika muongo mmoja.

3.0 Kamusi iliyofika baada ya tarehe

Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi zote. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 ulionesha nia ya kukipandisha hadi sekondari. BAKITA ilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na TUKI ikaendelea na kazi ya istilahi iliyoanzishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930. Mwaka 1978 BAKITA ilichapisha utafiti wa Penina Mlama na May Matteru kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Utafiti huo ulionesha kwamba wanafunzi walijieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba ufundishaji wa sekondari kwa Kiswahili uanze Januari 1985.

Haukuanza. Mwaka 1984 Serikali ilishikilia Kiingereza kwa sekondari, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaithibitisha hali hiyo. Sababu zilizotolewa zimejadiliwa vya kutosha na wengine, na hapa hazihitaji kurudiwa. Kinachohusu makala haya ni mfuatano wa tarehe. Rajmund Ohly, msomi kutoka Poland aliyefanya kazi TUKI, alitoa kamusi yake ya msingi ya ufundi mwaka 1987. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miaka mitano baada ya tarehe ya Tume kupita. Miaka miwili baadaye Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Kazi kubwa ya kitaalamu ilifanyika, na ilifanyika vizuri. Iliwasili kwenye nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

Kamusi ya istilahi, kwa asili yake, ni daftari la nomino. Huorodhesha dhana, na dhana huvaa nomino. Ndiyo maana Kiswahili kina tungamo, mmenyuko, mlinganyo, kichocheo, ujazo, asidi na besi, na kila mojawapo linaweza kutetewa. Tungamo, kwa mfano, linahusiana na kitenzi tungama, na humwezesha mwalimu kutenganisha kiasi cha maada iliyomo katika kitu na uzito wake, tofauti ambayo sokoni haina maana lakini katika fizikia ina maana sana. Hata hivyo, mwanafunzi hakwami kwenye nomino peke yake. Swali la moli halina dhana nyingi. Lina dhana nne au tano zinazorudiwa. Kilicho kigumu ni kile kinachotokea kati yake: gawanya hiki kwa kile, kwa sababu gani, kisha beba matokeo hadi mstari unaofuata. Hakuna kamusi ya istilahi inayoweza kuorodhesha "kisha".

4.0 Ubao na kinywa

Nusu ya pili ilikua mahali pengine. Kila aliyesoma sekondari ya Tanzania anaifahamu sentensi ya mwalimu wa sayansi anayekokotoa ubaoni: mkono unaandika Kiingereza, mdomo unasema Kiswahili, na majina ya dhana yanabaki ya Kiingereza ndani ya Kiswahili hicho. "Unachukua" hii, "unaigawanya kwa" ile, "unapata" nyingine. Carol Myers-Scotton, katika nadharia yake ya 1993 iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya data za Kiswahili na Kiingereza kutoka Nairobi, alionesha kwamba mchanganyo wa namna hii si fujo. Lugha moja hutoa kiunzi, yaani viambishi, upatanisho na mpangilio wa sentensi. Nyingine hupachika maneno katika kiunzi hicho. Katika darasa la kemia kiunzi ni cha Kiswahili na vipachikwa ni nomino za Kiingereza.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba matokeo haya ni kinyume kamili cha kazi ya wanaistilahi. Taasisi zilitoa nomino. Darasa lilihitaji kila kitu isipokuwa nomino, kwa sababu nomino za mtihani zingebaki za Kiingereza hata zikitafsiriwa mara mia, na mwalimu aliyefundisha "tungamo" alikuwa anamwongezea mwanafunzi neno ambalo msahihishaji hangelihesabu. Vitenzi na viunganishi, ambavyo hakuna kamati iliyoketi kuvisanifu, vilistawi kila siku mbele ya ubao. Nusu moja ikawa na maandishi bila wasemaji. Nyingine ikawa na wasemaji bila maandishi. Mwinsheikhe (2002), akichunguza ufundishaji wa sayansi, na watafiti wa mradi wa LOITASA ulioanza mwaka huohuo, walionesha kwamba wanafunzi hushiriki zaidi wanapofundishwa kwa Kiswahili. Tafiti hizo zilipima lugha ya kufundishia kwa ujumla wake. Zilichokiacha ni swali dogo la kifasihi: utanzu huu unaosemwa darasani, wa kusimulia njia ya hesabu, una umbo gani?

5.0 Magadi jikoni

Umbo hilo huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja uliofuatwa hadi mwisho. Magadi yanajulikana katika majiko ya Mara kama yanavyojulikana kwingineko Afrika Mashariki. Hulainisha maharage na mboga za majani. Jina lake limebebwa na ziwa lililoko kusini mwa Kenya, ambako Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na Ziwa Natron upande wa Tanzania lina madini ya jamii hiyohiyo. Magadi halisi ya sokoni yana chumvi na udongo ndani yake, lakini fumbo la kemia huruhusiwa kuyafanya safi. Yakiwa safi, fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Yakichomwa, hutoa gesi na mvuke na kubakiza sodiamu kaboneti:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Fumbo ni hili: gramu 113 za magadi zikichomwa hadi mwisho, zitabaki gramu ngapi za sodiamu kaboneti? Njia, kwa Kiswahili kamili, husomeka hivi:

"Kwanza tafuta tungamo la moli moja ya magadi. Sodiamu ziko 3, kila moja 23, jumla 69. Kaboni 2 ni 24. Haidrojeni 5 ni 5. Oksijeni 8 ni 128. Ukizijumlisha utapata gramu 226. Ukichukua gramu 113 ulizopewa ukazigawanya kwa 226, utapata nusu ya moli. Sasa rudi kwenye mlinganyo: kila moli 2 za magadi huzaa moli 3 za kaboneti. Kwa hiyo nusu ya moli itazaa robo tatu ya moli. Moli moja ya kaboneti ina gramu 106. Ukiizidisha hiyo kwa robo tatu utapata gramu 79.5. Hakiki: zilizopotea ni gramu 33.5, yaani gramu 11 za kaboni dioksidi na gramu 22.5 za maji."

Aya hii haina neno ambalo halikuwapo katika Kiswahili cha 1990. Kinachoiwezesha kusimama ni sarufi. Tazama mnyororo wa "ukichukua ... ukazigawanya ... utapata". Kiambishi -ki- kinafungua sharti, -ka- kinaongeza tendo la pili ndani ya sharti hilohilo na kwa mfuatano usioweza kugeuzwa, na -ta- kinafunga kwa tokeo. Mpangilio wa hatua umo ndani ya kitenzi chenyewe. Ndio mpangilio wa maelekezo ya njia ("ukifika njia panda ukakata kulia, utauona mbuyu"), na ndio wa ngano, ambamo -ka- huendesha kisa kutoka tukio hadi tukio. Vitabu vya kemia vya Kiingereza hupendelea sentensi isiyo na mtenda, ambamo tungamo "linagawanywa" na hakuna anayeligawanya. Kiswahili cha darasani humweka mwanafunzi ndani ya kitenzi kwa nafsi ya pili. Yeye ndiye anayekata kulia.

Kitenzi "huzaa" kinastahili neno. Walimu husema pia "hutoa" na "huleta". Kuzaa kuna faida ya kuonesha kwamba kitu kilichotokea si kilekile kilichoingia, na hasara ya kudokeza kwamba mzazi anabaki, ilhali magadi yaliyochomwa hayapo tena. Hili ni aina ya jambo ambalo kamati ya istilahi ingelijadili kwa manufaa, lau vitenzi vingepelekwa mezani.

Lingejadiliwa zaidi neno dogo "kwa". Katika ukokotoaji wa moli neno hili hufanya kazi nne. Kuna kuzidisha kwa, kuna kugawanya kwa, kuna gramu 106 kwa moli, na kuna uwiano wa 3 kwa 2. Nje ya darasa linafanya kazi nyingine mbili zinazogongana na hizo: chumba cha mita 3 kwa 2 ni kuzidisha kusikotajwa, na mechi iliyokwisha tatu kwa mbili haimaanishi kwamba kila mabao mawili ya upande huu yatazaa matatu ya upande ule. Mwalimu mzoefu huiepuka hatari hii kwa kusema "kwa kila" panapohusu uwiano, kama ilivyo katika maelekezo ya kuweka klorini kwenye maji, kizibo kimoja kwa kila ndoo ya lita 20, au ya dawa ya josho katika wilaya za wafugaji kama Serengeti na Tarime. "Kila" ndiyo inayobeba uwiano. "Kwa" peke yake haitoshi. Kanuni hii hufuatwa na watu wengi, na haimo katika mwongozo wowote wa istilahi kwa kuwa haihusu istilahi.

Ugumu mwingine unahusu mwelekeo wa kutoa. "Toa 33.5 katika 113" na "113 toa 33.5" ni agizo moja lililoandikwa kwa mpangilio uliogeuzwa, na mwanafunzi aliyezoea Kikuria nyumbani, Kiswahili shuleni na Kiingereza mtihanini hukutana na mipangilio yote katika juma moja. Kosa lake likitokea, msahihishaji huliona kama kosa la kemia.

6.0 Alama za njia

Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mtihani wa kemia wa kidato cha nne umebaki wa Kiingereza katika kipindi chote kinachojadiliwa hapa. Katika maswali ya ukokotoaji alama hugawanywa kwa hatua, si kwa jibu peke yake, jambo ambalo ni haki kabisa: mwanafunzi aliyekosea kuzidisha mwishoni bado alionesha kwamba anaijua njia. Lakini mgawanyo huo unamaanisha pia kwamba alama nyingi hukaa mahali ambapo lugha inahitajika zaidi. Jibu ni namba na namba haina lugha. Njia ina lugha, na mwanafunzi aliyeisikia njia kwa Kiswahili miaka miwili akiwa darasani huitwa aiandike kwa lugha ambayo hakuisikia ikisimulia.

Wengi hulitatua tatizo hili kwa kuacha maneno. Huandika milinganyo mitupu, mstari chini ya mstari, bila kiunganishi hata kimoja, na msahihishaji mkarimu huyajaza mapengo mwenyewe. Upanuzi wa shule za kata uliofuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004, na kuondolewa kwa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, viliwafikisha kwenye swali hili watoto wengi wa vijijini ambao kabla yake wasingefika. Kabla ya hapo, ukimya huo wa maandishi ulikuwa wa wachache waliochujwa. Sasa ni wa kizazi kizima cha wilaya kama Serengeti, na kuuita uvivu ni kutoutazama.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, pamoja na Kiingereza. Toleo la 2023 limeiacha sekondari katika Kiingereza. Katika mjadala uliozunguka sera zote mbili, swali lililoulizwa mara kwa mara lilikuwa kama Kiswahili kina maneno ya kutosha ya sayansi, na jibu lililotolewa lilikuwa orodha: kurasa za kamusi, idadi ya istilahi. Pande zote mbili zilikubaliana bila kujua kwamba lugha ya sayansi ni nomino zake.

Nusu ya kinywa bado inaweza kukusanywa. Walimu walioanza kufundisha sayansi katika miaka ya 1970, pale ambapo tarehe ya kubadili lugha ilionekana kukaribia, wamestaafu, na waliowafuata wanakaribia kustaafu. Fasihi simulizi ya Mkoa wa Mara imerekodiwa kwa sehemu, ngano, nyimbo na methali zake. Hakuna aliyeona sababu ya kuweka kinasa sauti mbele ya mwalimu wa kemia anayesema "ukaigawanya kwa kila". Kazi hiyo haihitaji tume wala tarehe ya Serikali. Inahitaji ruhusa ya mkuu wa shule, vipindi vichache vya kidato cha tatu, na mwanaisimu atakayevinukuu vitenzi kwa uangalifu uleule ambao TUKI ilivipa nomino.